Duka la vitabu vya Kikristo karibu na stendi ya Moshi, katika wiki ya kufungua shule

Kati ya Mwaka Mpya na wiki ya pili ya masomo nimeingia mara kadhaa katika duka dogo la vitabu vya Kikristo lililo mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stendi kuu ya mabasi ya Moshi. Mara nyingine niliingia nikiwa mama anayempeleka binti yake Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni, na mara nyingine nikiwa mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali. Ninaandika maoni haya kwa ajili ya wazazi na walimu wenzangu ambao kila Januari hutafuta kitu cha kuwatia moyo watoto, na cha kujitia moyo wenyewe, huku mfuko ukiwa umeshabanwa na sare, nauli na viatu.

Anayeishi hapa anaijua Januari yetu. Desemba vihamba vya mlimani, yaani mashamba yetu ya ukoo yenye nyumba, hujaa ndugu waliokuja kula Krismasi nyumbani, kisha katika siku chache mabasi ya Dar es Salaam huwachukua wote, na nyumba iliyokuwa na watu ishirini hubaki na babu, bibi na wajukuu wawili wanaosoma shule ya jirani. Katika siku hizo hizo ndipo matokeo ya upimaji wa Darasa la Nne na Kidato cha Pili hutoka, mengine yakileta vigelegele na mengine yakileta ukimya mezani. Ada katika shule za serikali, kuanzia msingi hadi Kidato cha Nne, ilifutwa tangu Januari 2016, na ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini madaftari, sare na mahitaji ya bweni bado ni ya mzazi. Fomu ya kujiunga ya binti yangu ilikuwa na kurasa tatu za vitu: godoro, tranka, ndoo, shuka, jembe, rimu ya karatasi, na karibu na mwisho, Biblia. Hiyo Biblia ndiyo iliyonipeleka dukani.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, rafu tatu za ukutani na chumba kidogo cha nyuma nitakachokieleza baadaye. Upande wa kushoto kuna Biblia, kwa sehemu kubwa za tafsiri ya Union tuliyoizoea tangu shule ya Jumapili, zenye jalada gumu, zenye zipu, na zile za maandishi makubwa ambazo wazee huzipenda. Katikati kuna vitabu vya nyimbo, vijitabu vya tafakari na kadi. Upande wa kulia kuna vifaa vya shule, yaani madaftari, kaunta buku, mikebe ya hesabu na kalamu, kwa bei zisizopishana na za maduka ya jirani. Rafu ya Wakatoliki ni ndogo kuliko inavyostahili katika mkoa huu wenye parokia nyingi kiasi hiki, ingawa nilikuta rozari, vitabu vya sala na Biblia yenye vitabu 73. Mzazi anayempeleka mtoto katika seminari au shule ya masista na aisome fomu yake vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu Biblia nyingi zilizopo ni zile za vitabu 66, na nilimwona baba mmoja akirudi kubadilisha.

Kwa mara ya kwanza nilihudumiwa na kijana msaidizi. Alikuwa na adabu, lakini watu walikuwa wengi, nami nilisubiri karibu dakika arobaini nikiwa nimesimama na ndoo mpya mkononi. Nililipa shilingi 22,000 kwa lipa namba, nikaichukua Biblia ikiwa bado ndani ya nailoni yake, nikaondoka. Siku ya tatu, binti yangu alipokuwa akiandika jina lake ukurasa wa kwanza, karatasi za Mwanzo zilichomoka zote kwa pamoja, kwa kuwa gundi ya mgongo haikuwa imeshika. Niliirudisha siku iliyofuata, kijana akasema hana ruhusa ya kubadilisha mpaka mwenye duka awepo, ikanibidi nilipe nauli ya daladala mara mbili kwa kosa lisilokuwa langu. Hili nalihesabu kuwa kasoro ya kweli ya huduma, kwa maana katika wiki ile hata nauli ya daladala inapigiwa hesabu.

Nilipomkuta mwenye duka, mambo yalikuwa tofauti. Ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa pole kabla sijamaliza maelezo, kisha akatoa Biblia nyingine rafuni. Hakunipa papo hapo. Aliifungua katikati, kwenye Zaburi, akailaza juu ya kaunta, akapitisha kidole gumba kutoka juu hadi chini kwenye maungio ya kurasa, akaiinua kwa jalada moja na kuitikisa kidogo. Ya kwanza aliirudisha, ya pili pia. Ya tatu ndiyo aliyonikabidhi, akasema, "Hii itamfikisha Kidato cha Nne, mwanangu." Ninamshauri kila anayenunua pale aombe afanyiwe hivyo hivyo, hata siku ya msongamano.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa katika duka lolote la vitabu: mtoto anaingia darasa la ngapi, na jioni ni nani anayekaa naye. Nikamwambia mkubwa anaenda bweni na mdogo yuko Darasa la Tano, na kwamba jioni mara nyingi mdogo hukaa na bibi yake, kwa kuwa mimi hurudi na madaftari ya kusahihisha. Aliweka pembeni kijitabu cha rangi nilichokuwa nimekishika, akasema hicho kinamtaka mzazi mwenye muda wa nusu saa kila siku. Akanipa kingine cha shilingi 4,000, chembamba, chenye somo moja kwa juma na maandishi ambayo bibi anaweza kuyasoma kwa mwanga wa taa ndogo. Alikosa shilingi 5,000 za kile cha kwanza, nami nilipata kitu ambacho kinatumika mpaka leo nyumbani kwangu kila Jumapili jioni.

Hata hivyo, kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyotoka navyo hakiuzwi. Katika kila Biblia na kila kijitabu kinachonunuliwa mwezi wa Januari, mama yule huweka karatasi moja ya fotokopi iliyokunjwa mara nne. Juu imeandikwa "Zaburi ya 121", na chini yake mstari wa mwisho wa zaburi hiyo, ule unaosema kwamba Bwana atatulinda tutokapo na tuingiapo. Kwetu sisi tunaoamka na kuuona mlima kila kukicha mawingu yakiruhusu, zaburi inayoanza kwa kuinua macho kuitazama milima haihitaji maelezo mengi, lakini nilifurahi kwamba aliyeiandaa karatasi alichagua mstari wa kutoka na kuingia, kwa sababu ndio unaomfaa mtoto anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi na begi mgongoni. Baada ya hapo kuna nafasi tatu za kujaza. Ya kwanza inasema, "Jina la mwalimu wa darasa la mtoto wetu ni." Ya pili, "Jambo moja ambalo mtoto wetu analiogopa shuleni ni." Ya tatu, "Siku tutakayoketi pamoja kuwaombea wote wawili ni."

Nilidhani ni karatasi ya kujaza kwa dakika mbili. Nilipoketi na mwanangu wa Darasa la Tano nilitambua kwamba mimi, mwalimu wa miaka kumi na minne, sikuwa nalijua jina la mwalimu wake mpya. Kwenye swali la hofu, yeye ambaye nilimdhania kuwa anaogopa hesabu alisema anaogopa njia, kwa kuwa wavulana wakubwa huwanyang'anya wadogo hela ya maandazi karibu na daraja. Nisingalijua. Tangu siku hiyo anaongozana na watoto wa jirani, nami nimezungumza na mwalimu wa zamu, na katika maombi yetu ya Jumapili daraja lile linatajwa kwa jina lake.

Upande wa pili wa karatasi ile niliuona nikiwa kazini. Wiki ya kwanza ya masomo huwa ni ya kelele na vumbi, na mwaka huu nimepokea watoto 78 katika chumba kimoja. Wazazi hutufuata kuuliza mchango wa chakula cha mchana, au kulalamika kwamba mtoto amekaa nyuma. Siku ya Alhamisi walinijia wazazi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, mama muuza ndizi na baba mmoja fundi, wakiwa na swali moja: "Mwalimu, samahani, jina lako kamili ni nani?" Nilidhani nimeshtakiwa mahali. Yule mama akatoa ile karatasi kwenye pindo la kitenge, imeshapata alama ya ndizi mbivu kwenye kona, akaniomba niandike mwenyewe ili asikosee. Niliandika jina langu kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Sijui kama anayesoma hapa, asiyekuwa mwalimu, ataelewa ilivyonigusa. Tumezoea kuombewa kwa jumla madhabahuni, "walimu wetu wote", na ni vizuri, lakini ni jambo jingine kabisa kujua kwamba huko mtaani Pasua kuna nyumba ambayo Jumapili saa moja jioni jina lako linatajwa mbele za Mungu na watu unaowalea watoto wao.

Katika mkoa huu shule na kanisa vimekua pamoja tangu mwanzo. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893 walianza kufundisha kusoma sambamba na kuhubiri, na hata neno lenyewe "shule" limetufikia kutoka Kijerumani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali, na leo mtoto wa shule ya serikali huipata imani yake shuleni katika kipindi cha dini, na akifika sekondari, katika vikundi vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, TYCS ya Wakatoliki na CASFETA ya Wapentekoste. Nayasema haya kwa sababu wazazi wengi bado hufikiri kwamba kumtia mtoto moyo kiimani ni kazi ya shule yenye msalaba getini. Karatasi ya duka hili inaikabidhi kazi hiyo nyumba, kama inavyoagizwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kwamba maneno haya tuyazungumze tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani.

Sasa niseme juu ya chumba cha nyuma. Kila Jumamosi ya Januari, kuanzia saa saba mchana, duka husimamisha mauzo kwa nusu saa, na wazazi na walimu waliopo hualikwa kukaa kwenye mabenchi manne kwa ajili ya maombi ya mwaka wa masomo. Hakuna kiingilio wala kapu la sadaka. Anayeongoza ni mwalimu mstaafu, mzee mwenye sauti ndogo, ambaye haombi mpaka ameuliza kwanza ni nani mwenye jambo. Jumamosi niliyohudhuria tulikuwa kumi na mmoja, Walutheri, Wakatoliki na dada wawili wa kanisa la Kipentekoste, tukaimba ubeti mmoja tu wa wimbo tunaoujua sote.

Kijana mmoja dereva wa bodaboda alibaki amesimama mlangoni, helmeti mkononi. Alipoulizwa, alisema binti yake ameingia Darasa la Nne na kila jioni humletea daftari, naye yeye aliishia Darasa la Tano, hivyo hujifanya amechoka ili mtoto asigundue kwamba hawezi kumsaidia. Chumba kilinyamaza. Mzee hakumpa mstari wa Biblia wala hakumwambia ajiamini. Alimwambia, "Mwanangu, mwambie akusomee wewe. Kaa karibu naye, sikiliza. Akikwama, usimseme, ngoja. Akimaliza, mwulize alichokielewa. Huko ndiko kufundisha, nami nimefanya kazi hiyo miaka mingi." Ndipo tukamwombea. Niliketi pale nikifikiri juu ya wazazi wangu 78, ni wangapi wanaojifanya wamechoka, na Jumatatu nilipofanya kikao kifupi na wazazi wa darasa langu nilisema maneno yale yale ya mzee, karibu neno kwa neno.

Baada ya sifa hizo nalazimika kusema mahali ambapo duka halijatosha, na kwa mtazamo wangu ni mahali pazito kuliko gundi ya Biblia. Kadi karibu zote za kuwatakia watoto mwaka mwema zinazungumza juu ya ufaulu. Mungu atakupa alama za juu. Utakuwa kichwa wala si mkia. Utawashangaza adui zako. Siwalaumu waliozichapisha, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa, na ahadi za Mungu ni za kweli. Lakini mtoto wa jirani yangu hakufikia kiwango katika upimaji wa Kidato cha Pili, na kwa utaratibu wetu anarudia darasa. Nilizunguka rafu yote nikitafuta kadi ya shilingi 1,000 ya kumpa kijana wa miaka kumi na sita atakayeketi tena dawati lile lile huku rafiki zake wakihamia chumba cha pili, na sikupata hata moja. Kadi ya kichwa na mkia ingemwumiza. Kutia moyo kunakomfaa tu aliyeshinda kumepungukiwa, na ningependa wauzaji na wachapishaji wetu walione hilo, kwa maana Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia tusichoke katika kutenda mema, aliahidi mavuno kwa wakati wake, wala hakuutaja mwezi.

Rafu ya walimu nayo ni masikini. Kuna kijitabu kimoja tu kinachotuhusu, kimetafsiriwa kutoka lugha nyingine, na kinaonekana kumwandikia mwalimu mwenye wanafunzi ishirini, kila mmoja na kiti chake, na muda wa kuwaandikia wazazi barua kila Ijumaa. Nilikinunua, nikakiweka ofisini kwa walimu, na wenzangu wamekisoma mpaka kingo zimekuwa nyeupe kwa chaki, jambo linaloonyesha njaa tuliyonayo kuliko ubora wa chakula. Tunahitaji kitabu kinachomjua mwalimu anayepanda daladala mbili, anayefundisha asubuhi na kusahihisha usiku, aliyehamishwa mbali na mumewe au mkewe, na ambaye onyo la Yakobo 3:1 kuhusu hukumu ya walimu linamtetemesha kila anapompiga mtoto kwa maneno makali.

Kwa anayetaka kwenda, duka hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili halifunguliwi. Epuka Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, isipokuwa unataka maombi ya chumba cha nyuma, na hapo ufike kabla ya saa sita na nusu kwa kuwa mabenchi hujaa. Kwa shilingi 1,000 hukuandikia jina la mtoto juu ya jalada kwa mwandiko mzuri, lakini sema tahajia polepole, nilimsikia mama mmoja akilalamika. Madaftari nunua popote. Biblia, nunua pale, na sisitiza ikaguliwe. Karatasi iombe hata kama hukununua kitu, mama hamnyimi mtu, nami nimeshaomba nakala 78.

Nilipokwenda kuzichukua nilimweleza juu ya kijana anayerudia Kidato cha Pili. Alivua miwani, akakaa kimya kidogo, akasema katika miaka yote ya kuuza kadi hakuwahi kulifikiria. Kisha akachana karatasi kwenye daftari lake la mahesabu, akaandika juu yake "Kwa anayerudia", akanisogezea pamoja na kalamu. "Mwalimu, andika wewe unayewajua, mimi nitatoa fotokopi." Nimeandika mistari mitano, nikafuta mitatu. Karatasi iko mezani hapa ninapoandika, na Jumamosi nimeahidi kuipeleka.